Ruhusa ya Kumzika Mama Mdogo

Kwa heshima zote zinazoistahili mashine, natangaza kwamba mama mdogo Felista, aliyenilea tangu nikiwa na miezi mitatu, amefariki, na Mlezi, mashine ya shule yetu, amenikatalia kwenda kumzika. Siku hizi ruhusa zote za bweni hutolewa na mashine hiyo, na geti haliwasikilizi watu. Muhula uliopita nilizika babu wawili wa uongo, na ruhusa ikatoka mara zote mbili.

"Mama yako yu hai," Mlezi alisema. "Mama mdogo ni ndugu wa daraja la tatu. Ombi limekataliwa."

"Nina mama wawili, mheshimiwa."

"Sajili inaruhusu mmoja."

Nilimgeukia mkuu wa shule, Mwalimu Kabula. "Mwalimu, kwenu mama mdogo si mama?"

"Ni mama, mwanangu."

"Basi fungua geti!"

"Nikiligusa nafukuzwa kazi. Walioitengeneza mashine hii hawakutuuliza chochote."

"Na ninyi mkatia saini kuipokea!"

Alirudi ofisini.

Saa kumi alasiri, wakati wanamfukia mama yangu, Mlezi alitangaza kwenye vipaza sauti kwamba mwanafunzi Ntobi, yaani mimi, hajakosa kipindi hata kimoja muhula huu. Darasa zima lilipiga makofi, kwa sababu asiyepiga hupunguziwa alama.