Kifaru na Kiboko Waomba Kupigwa

Zamani, wakubwa wa nyika walipokuwa bado hawajui aibu, Kifaru na Kiboko waligombea bwawa dogo. Kando ya bwawa hilo Bata alikuwa akiatamia mayai saba.

Tembo aliahidi kumsaidia Kifaru, na Nyati aliahidi kumsaidia Kiboko. Lakini kila mmoja alimwambia rafiki yake, “Nitakuja ukipigwa. Ukianza wewe, shauri yako.”

Siku ya vita ilipofika, Bata aliona mayai yake yatapondwa. Akamwendea Kifaru. “Mzee, ukimgusa wewe kwanza, Tembo haji.” Kisha akamwambia Kiboko, “Mzee, ukianza wewe, Nyati anabaki kwake.”

Basi wakasimama pua kwa pua.

“Nipige!” alinguruma Kifaru.

“Nipige wewe, mwoga!”

“Mimi mwoga? Shavu hili hapa!”

Siku ishirini walibembelezana hivyo, jua likiwababua na kupe wakiwanenepea. Tembo na Nyati walichoka kungoja, wakaenda zao malishoni pamoja.

Mayai yakaanguliwa. Kifaranga mmoja akauliza, “Mama, wale wanafanya nini?”

“Wale ndio wakubwa wetu, mwanangu. Wanaomba kofi. Njooni tuogelee.”