Mrija wa Kukunja

Kaisa alirudi nyumbani kutoka kwa daktari wa meno saa tano asubuhi, ameng'olewa magego manne ya mwisho, mashavu yamemvimba.

"Kindi wangu huyo, na karanga zake mdomoni," baba yake alimtania.

Akamwekea kikombe cha viazi alivyovisaga na supu ya kuku hadi vikawa laini kama uji wa mtoto. Halafu, kwa mazoea tu, akatumbukiza mrija, akaukunja shingo kumwelekea.

"Baba, mrija nimekatazwa. Ukinyonya, damu iliyoganda inatoka shimoni."

"Ah. Nimesahau."

Akauchomoa. Mkono wake wa pili ulikuwa tayari umeshakinga kitambaa chini ya kidevu cha binti yake.

Kaisa alikitazama kile kitambaa. Baba huyu alikuwa hajui hata kukaanga yai. Droo ilikuwa wazi nyuma yake, na ndani kulikuwa na pakiti kubwa ya mirija, imebaki robo.

Mama walimzika Januari. Sikukuu ya Shukrani, Novemba kabla ya hapo, familia zinapokutana kula bata mzinga, Kaisa alibaki chuoni, kwa kuwa baba alimwambia kwenye simu asihangaike na barabara zenye theluji, mgonjwa anaendelea vizuri.

"Baba," alisema, ulimi ungali mzito kwa ganzi, "siku ile uliniambia Mama amekula bata mzinga."

Baba aliukunja mrija, akaukunjua.

"Alikula, mwanangu," alisema. "Nilimsagia."