Bibi Miwani Abaki Tena

Bibi Miwani alikuwa ameandika "should of" tena, na safari hii mara tatu katika ukurasa mmoja.

"Bibi, wewe na hiyo 'of' mlinyonya ziwa moja?" mwanafunzi mwenzake, dereva, alimtania, na darasa zima la jioni likaangua kicheko. Bibi mwenyewe akacheka kuliko wote.

Mwalimu, kijana mpole aliyevaa shati lililokatika kifungo, hakucheka. Mtihani wa Kiingereza ulikuwa mwezi ujao. Asiyeweza kuandika "should have" angerudishwa kwa wanaoanza, na yeye hakutaka bibi wa watu arudi huko.

"Tubaki kidogo, Bibi. Sikio linasikia 'of', lakini mkono uandike 'have'."

"Nitabaki, mwanangu. Ila wewe unaeleza kisomi mno. Huyu fundi cherehani naye abaki anisaidie. Yeye hakosei."

Fundi cherehani, msichana mwenye haya, alikwisha kutundika mkoba begani. Akaushusha.

Waliketi, Bibi katikati. Punde akalalamikia upepo wa dirishani, akahamia pembeni. Vichwa viwili vikainamia daftari lake. Wakaeleza, wakafuta, wakapokezana kalamu. Bibi alipopatia, walimpigia makofi. Alipokosea tena, walianza upya bila kukunja uso.

Ikawa hivyo kila baada ya kipindi. Wiki ya pili, shati la mwalimu lilikuwa na kifungo kipya. Wiki ya tatu, Bibi aliwakuta wanacheka jambo ambalo hakuliuliza.

"Mtihani umekaribia, Bibi," fundi alimwambia kwa wasiwasi. "Sitaki tukuache nyuma."

"Mungu akuzidishie, mjukuu wangu. Hebu nionyesheni tena."

Siku ya mtihani, mwalimu alianza kwa tangazo, macho chini. Yeye na fundi cherehani walikuwa wamechumbiana. Dereva alipiga meza kama ngoma. Kisha karatasi zikagawiwa.

Bibi alimaliza wa kwanza. Mwalimu aliisoma karatasi yake, akairudia. "Should have", "could have", "would have". Hakuna hata kosa moja.

"Bibi! Leo imekuwaje?"

"Mmenifundisha vizuri, wanangu," alisema, akawakumbatia wote wawili.

Akashuka ngazi taratibu mpaka kwa karani wa usajili.

"Sasa niandikishe darasa la hesabu."

"La asubuhi au la jioni, Bibi?"

"Mwalimu wa lipi hajaoa?"