Sindano ya Kondoo wa Saba

Kondoo wa saba aliruka, na sindano ikaingia kwenye kidole gumba cha Mwajabu.

Dawa ile ilikuwa ya kumrudisha kondoo kwenye joto, yaani hali ya kutaka dume, upesi baada ya kuzaa. Kwenye kichupa paliandikwa kwa wino mwekundu: mjamzito asiishike. Mwajabu alikuwa ameyasoma maneno hayo asubuhi, akavaa glavu, kisha akazivua kwa sababu zilikuwa zinateleza. Mimba yake ilikuwa ya wiki tisa. Mimba mbili za kwanza zilitoka, na safari hii hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe.

"Mbona umeganda?" aliuliza mama mkwe wake, Bi Tunu, aliyekuwa amembana kondoo kwa magoti.

"Nimejichoma, mama."

"Kwani wewe ndiye wa kwanza? Nyonya kidole tuendelee. Au unaogopa utaanza kutafuta dume?" Bi Tunu alicheka kwa sauti.

Mwajabu hakucheka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika tumbo bila yeye kujua. Bi Tunu aliutazama mkono ule, na kicheko kikamkatika. Akamwachia kondoo.

"Wiki ngapi?"

"Tisa."

"Na ukanyamaza! Twende hospitali, mwanangu. Sasa hivi."

Walitoka mbiombio bila kufunga zizi. Njia nzima Bi Tunu alikikamua kidole kile kwa mikono miwili, akikisemesha kwa sauti ya chini, "Toka, toka," lakini hata tone la damu halikutoka.