Mama Shoka

Mshereheshaji alipotaja shoka, uwanja mzima uliangua kicheko. Kishada akainama na kujifanya anafunga kamba za kiatu.

Hakukuwa na asiyeijua hadithi ile. Kabla ya Kishada, ubao wa magurudumu ulikuwa mchezo wa kwenye sakafu laini, mchezo wa watoto wa wenye nazo. Yeye ndiye aliyeushusha barabarani. Aliruka ngazi za posta, akateleza juu ya vyuma vya kushikia, akafukuzwa na walinzi wa kila jengo lenye ngazi. Na kila alipohojiwa alianzia palepale: mama yake alivyoukatakata ubao wake wa kwanza kwa shoka, na yeye alivyoapa kwamba haachi. Hadithi hiyo ilimlisha. Mbao zinazouzwa kwa jina lake zina picha ya shoka, na fulana vilevile.

Leo unafunguliwa uwanja wa zege uliopewa jina lake. Waandaaji wakamfanyia kitu walichodhani ni zawadi: wakamleta mama mwenyewe, bila kumwambia.

Alikuwa safu ya mbele, kwenye kiti cha plastiki, amejitanda mtandio mpana. Vijana walipanga foleni kumsalimia.

"Shikamoo, Mama Shoka!"

"Marahaba, wanangu. Msije mkavunjika."

"Tukivunjika si utatumalizia na shoka?"

Akacheka nao. Kishada aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Mara ya kwanza jina hilo lilipoanza kuvuma, alimpigia simu. "Mama, usiwasikilize watu. Ni biashara tu." Mama akajibu, "Sawa, baba. Ukila wewe, mimi nimeshiba." Kwenye simu jambo hilo lilikuwa jepesi. Kumwona akiulizwa na watoto wa watu kama bado analo shoka kulikuwa kitu kingine kabisa.

"Leo hatumwachi!" mshereheshaji alipaza sauti. "Mama, hebu njoo utuambie. Ubao wa mtoto ulikukosea nini?"

Kishada akanyanyuka nusu. Angeweza kumwokoa. Neno moja lingetosha. Lakini wafadhili walikuwa wamekaa kushoto kwake na kamera zilikuwa kulia, na miguu iliyowahi kuruka ngazi za mahakama ikashindwa kupanda jukwaa lisilofika magotini. Akakaa tena. Alijidharau hata mate yakawa machungu.

Mama alipanda taratibu, akishikwa mkono. Vijana wakapiga kelele za utani, "Shoka! Shoka!" Akawangoja wachoke.

"Ni kweli," alisema kwenye kipaza sauti. "Niliukata. Sikujua kama mtoto wangu angefika hapa. Mzazi naye hukosea, wanangu. Mnisamehe."

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Dada mmoja wa televisheni alikuwa anajifuta macho. Mfadhili mkubwa akamwinamia Kishada na kumnong'oneza kwamba yule mama ana moyo, wangetafuta mtu wa kuyasema hayo wasingempata.

"Kishada, panda!" mshereheshaji aliita. "Mkumbatie mama, yaishe leo hapahapa!"

Alipanda. Hakumtazama usoni. Mama ndiye aliyemvuta, akamkumbatia kwa nguvu, na mtandio ukamteleza begani. Wapiga picha wakasogea.

Kishada akawahi kuudaka mkono wa kushoto wa mama yake na kuufunika kwa viganja vyake, wasije wakauona. Vidole viwili havikuwepo, tangu ile asubuhi shoka lilipomponyoka akimchongea mwanawe ubao wa kwanza.