Twiga Aliyekataa Kulipigia Gunia Magoti

Zamani hizo, wanyama walipokuwa wakiposa kwa magunia ya mahindi, Twiga alijiandaa kwenda ukweni. Rafiki yake Ngamia alikuja kumsindikiza.

"Piga magoti, ulikumbatie gunia, kisha uinuke nalo taratibu," Ngamia alimshauri. "Mimi hubeba hivyo kila siku."

Twiga alicheka. "Nilipigie magoti gunia? Kwani ndilo baba mkwe wangu?"

Akainama, miguu imenyooka kama nguzo, akalivuta gunia kwa nguvu zake zote. Mgongo ukalia ka! Akabaki vilevile, pua chini, mkia juu.

Ngamia akapiga magoti, akalibeba gunia, wakaondoka hivyo hivyo.

Baba mkwe alipomwona Twiga anaingia uani ameinama, alifurahi mno. "Kijana ana adabu huyu! Basi inatosha, inuka, mwanangu."

"Niko sawa hapa hapa, baba," Twiga alijibu kwa sauti nyembamba.

Posa ikakubaliwa papo hapo. Lakini siku ya nne Twiga alikuwa bado ameinama, na mzee akamvuta Ngamia pembeni. "Heshima hii haijazidi?"

"Hiyo si heshima yako, mzee," Ngamia akamwambia. "Ni ya gunia."