Simu Inayojiunga Yenyewe

Amri ya meneja ilikuwa fupi: simu ya asiye mfanyakazi isibaki kwenye Wi-Fi ya ofisi ya asali. Khole alizifuta zote, ikabaki moja, ya Murtadha, mpima asali waliyemzika mwezi uliopita. Akabonyeza, akaifuta nayo.

"Hodi!"

Mama wa marehemu aliingia, mkononi ameshika simu ileile, jalada lake lingali linanata asali.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nikitoka Kwihara kwenda sokoni, lazima nipite hapa mlangoni. Simu yake hujiunga yenyewe, nami najua kuna mahali bado wanamngoja." Akaitikisa. "Mbona leo imegoma?"

Meneja alikohoa nyuma yao.

Khole alinyoosha mkono. "Lete, mama. Nimekosea mimi."